Mwongozo wa Kiboksi cha Sauti kwa Aliyeuza Pamba Juzi

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, pesa huingia Simiyu kwa mlango mmoja wa chama cha ushirika, AMCOS, na kutoka kwa milango mingi. Madeni kwanza, mabati ya pili, ada za shule za tatu, halafu inakuja runinga. Mwongozo huu unahusu hiyo runinga, au tuseme mgongo wake, maana huko nyuma ndiko kunakozaliwa gharama nyingine ambayo hukuipangia.

Unataka kuingia mkenge kwa utaratibu? Nenda dukani pale mjini Bariadi, chagua runinga bapa ya inchi 43, na usiigeuze. Kijana wa duka atakuwashia video ya samaki wa rangirangi na ya majumba marefu ya Arabuni usiku. Itazame, tikisa kichwa, sema "nifungie hiyo". Kugeuza mali ya watu na kukagua matundu yake ni tabia ya wasioamini wenzao. Lipa, panda bodaboda, kumbatia boksi mpaka Somanda au Malambo, itundike ukutani kwa skrubu zisizong'oka, na baada ya yote hayo ndipo uvute sabufa.

Sabufa unayo. Ni ile iliyokesha kwenye msiba wa baba mkubwa na kupiga kwenye kipaimara cha mtoto wa pili. Kitambaa chake cha mbele kimechanika pembeni, na nyuma ina matundu mawili ya mviringo, jekundu na jeupe, uliyoyazoea tangu enzi za deki. Sasa shika waya wako mwekundu na mweupe, ingiza mkono nyuma ya runinga, papasa. Utakuta tundu la antena. Utakuta HDMI mbili au tatu, USB, tundu la waya wa intaneti. Pembeni kabisa utakuta kitundu cha mraba chenye kimlango cha plastiki. Ukikisukuma kwa ukucha kinaingia ndani, na taa nyekundu inaonekana. Jekundu na jeupe, hola. Sauti ya runinga yako inatokea kwenye ile taa.

Hapo ndipo jirani atakapokuambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuteseka: "Tafuta kile kiboksi."

Kabla hujakitafuta, niharibu biashara za watu kidogo. Kama runinga yako ina kitundu cha kuchomekea spika za masikioni, huhitaji kiboksi chochote. Waya mmoja wa elfu chache unatoka hapo kwenda kwenye jekundu na jeupe, na mwongozo huu kwako umekwisha. Kama unachotazama chote kinapitia king'amuzi, geuza king'amuzi badala ya runinga: vingi bado vina jekundu na jeupe, au kitundu kimoja kinachogawanyika kuwa hayo mawili. Chomeka sabufa huko, zima sauti ya runinga, tazama mpira. Na kama sabufa na runinga zote zina Bluetooth, ziache zitafutane zenyewe. Waliobaki, ambao mambo yao yanatoka YouTube moja kwa moja na sabufa yao ni ya kale, tusogee.

Kiboksi chenyewe ni kidogo, cheusi, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Upande mmoja kina kitundu cha mraba cha kupokea mwanga, upande mwingine jekundu na jeupe. Kazi yake ni moja. Kilichomo ndani ya runinga, simu au flashi ni tarakimu tupu. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba moja kati ya ngazi 65,536. Spika haijui namba. Spika ni karatasi yenye koili inayosukumwa mbele na nyuma na umeme unaopanda na kushuka, basi. Kati ya namba na koili lazima awepo wa kuzigeuza namba kuwa umeme, na huyo ni mkalimani wa mahakamani: mzee anatoa ushahidi kwa Kisukuma, hakimu anausikia kwa Kiswahili, na mkalimani hana ruhusa ya kuongeza ng'ombe ambaye mzee hakumtaja. Mkalimani mbovu anaweza kuuharibu ushahidi mzuri. Mkalimani hodari hana uwezo wa kuutengeneza ule mbaya.

Shika hilo, kwa sababu wauzaji wote wa viboksi, kuanzia Kariakoo mpaka London, wanaishi kwa matumaini kwamba utalisahau.

Na wa London ndio wa kuogopa. Waya huu wa mwanga si wa juzi. Toshiba ya Japani iliutoa mwaka 1983 kuunganishia mashine zake za CD. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba mkalimani anaweza kutolewa ndani ya mashine na kuuzwa peke yake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Arcam ya Uingereza ilikuwa na kasha jeusi la namna hiyo lililopata jina. Tangu hapo imekuwa dini kamili, ina madhehebu. Kampuni ya Chord, ya Uingereza vilevile, inatengeneza kigeuzi kiitwacho DAVE ambacho bei yake ukiibadili kuwa shilingi unapata gari dogo la mkononi na fedha ya usajili. Kwa upande mwingine Apple, waliong'oa tundu la spika za masikioni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wanauza kipande cha waya cha dola 9 ambacho ndani yake mna kigeuzi kamili, na wapimaji wamekipima wakakuta kelele zake ziko chini ya kiasi ambacho sikio la mtu aliyekaa sebuleni linaweza kukamata. Dola 9 na bei ya gari. Katikati ya namba hizo mbili ndipo penye uwanja mpana wa kupotelea.

Kwenye uwanja huo utakutana na shemeji. Kila ukoo una shemeji anayeishi Dar, anayejua vyombo, anayesema "mzee, hicho cha elfu ishirini ni takataka, nitakuletea cha maana". Cha maana kitakuja Desemba kikiwa kimeandikwa 24-bit/192kHz kwa herufi za dhahabu. Kuhusu hayo maandishi: vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kubeba sauti mpaka mitikisiko 22,050 kwa sekunde, na mtoto mwenye masikio mazima anasikia mpaka 20,000 hivi. Mtu wa miaka hamsini aliyefanya kazi ujana wake wote kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ana bahati akifika 12,000. Vipimo 192,000 vinabeba mpaka mitikisiko 96,000. Vitawafaa popo wa darini, ambao mpaka sasa hawajachangia kununua umeme wa LUKU.

Na hata hivyo maandishi hayo yamo pia kwenye kile cha elfu ishirini. Wino ni bei ileile.

Tuingie dukani. Hapa kuna mtego ambao umewanasa wajanja kuliko wewe. Viboksi hivi vina ndugu wa kufanana kabisa, umbo lilelile, weusi uleule, ambao wanafanya kazi kinyume: wanapokea jekundu na jeupe, wanatoa mwanga. Muuzaji anaviweka kwenye tenga moja na mara nyingi hajui kwamba ni vitu viwili. Kinachokuokoa ni herufi ndogo zilizochapwa juu: jekundu na jeupe pawe pameandikwa OUT, na kitundu cha mwanga pawe pameandikwa IN. Ikiwa ni kinyume chake, mrudishie kwa upole. Wapo wengine pia wanaopokea HDMI tu; hao wana shughuli zao. Piga picha mgongo wa runinga na mgongo wa sabufa kwa simu kabla hujatoka nyumbani, na umwambie akuwashie hapohapo, kwenye runinga yoyote ya dukani, usikie kwa masikio yako. Ukinunulia Mwanza na kugundua kosa Bariadi, nauli ya kurudi kupitia Lamadi na Magu, kwenda na kurudi, itakuwa imekula bei ya kiboksi, na muuzaji anajua hesabu hiyo kukuzidi.

Mtego wa pili ni chaja. Kiboksi kinataka volti 5, zilezile za chaja ya simu, na vingi huja na kiwaya cha USB cha kuchomeka nyuma ya runinga. Tumia hicho, kitawaka na kuzima pamoja na runinga bila kukumbushwa. Lakini baadhi ya viboksi vina tundu la duara la umeme, na tundu hilo, kwa hila za shetani, linaingia vizuri kabisa pini ya adapta ya king'amuzi, ambayo nyingi ni za volti 12. Mtoto wa darasa la tano ndiye anayelifanya jaribio hili, siku ambayo waya wa USB umeazimwa kuchajia simu. Kuna taa ya sekunde moja, inang'aa kuliko kawaida. Halafu kuna harufu.

Walio vijijini kwenye sola, Itilima na Meatu huko, wana nafuu isiyotarajiwa: chaja ya USB ya gari, ile inayokaa kwenye tundu la kiberiti, hushusha volti 12 za betri kuwa 5, na kiboksi kinakula umeme kidogo mno. Tukisema kinakula wati 2.5, kwa saa mia moja kimemaliza robo ya uniti. Nataja saa mia moja kwa makusudi. Shemeji atakuambia kifaa kipya lazima "kipashwe moto" saa mia moja kabla sauti yake haijakomaa. Hasara ya kumtii haifiki shilingi mia, kwa hiyo mtii, alale kwa amani. Kinachokomaa katika saa hizo ni sikio lako, linaloanza kuzoea.

Sasa swali linaloongoza kwa kuulizwa: nimeunga kila kitu na hakisemi.

Nenda ukae kwenye benchi la fundi yeyote karibu na stendi, siku ya mnada, utaliona hili. Anakuja mzee, kiboksi kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wana wane. Hiki kimekufa."

Fundi hafungui kiboksi. Anaomba waya wa mwanga. Anauinua mwisho mmoja karibu na macho, anakwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, na kitu kidogo kinaanguka mezani, kifuniko cha plastiki angavu kisichozidi punje ya dengu. Anageuza upande wa pili, kinaanguka cha pili. Vifuniko hivyo hutoka navyo kiwandani kulinda ncha ya waya, na kwa kuwa havina rangi, mtu huusukuma waya pamoja navyo, unakataa kukaa, anausukuma kwa nguvu zaidi, na kimlango cha runinga kinavunjika kwa heshima. Fundi anadai elfu tano. Mzee analalamika kwamba hajafanya kitu. Mimi niko upande wa fundi.

Ikiwa vifuniko vimetoka na bado kimya, chomoa waya upande wa kiboksi uelekeze ncha kwenye kiganja. Ukiona doa jekundu, runinga inatuma. Huo ni mwanga wa taa ndogo, si leza, hautakupofusha, ingawa hakuna haja ya kuukodolea. Doa likiwepo na sauti haipo, kosa liko kwenye menyu ya runinga, na hili ndilo linalowafanya watu wengi watupe viboksi vizima. Ingia sehemu ya sauti, tafuta mahali pa kuchagua namna ya kutoa sauti ya dijitali, weka PCM. Usiache Dolby, usiache Auto. PCM ni zile namba zetu za vipimo, mfululizo mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, na ndiyo lugha pekee ambayo mkalimani wa elfu ishirini ameisoma. Dolby ni furushi la chaneli nyingi lililofungwa kwa namna yake. Akitupiwa hilo atanyamaza, au atatoa mngurumo wa kutisha kuku. Isikushangaze basi kwamba kiboksi kinaweza kuimba vizuri kwenye YouTube na kufa ghafla ukifungua filamu: filamu ilikuja na Dolby, na runinga iliyoachwa kwenye Auto ikaipitisha ilivyo.

Hongera, kinasema. Sasa bonyeza rimoti ya runinga kupunguza sauti. Haipungui. Runinga nyingi hutoa sauti kwenye tundu la mwanga kwa kiwango kimoja kisichobadilika, kwa hiyo kuanzia leo sauti inaongozwa na sabufa, na rimoti ya sabufa, ile nyembamba yenye betri ya kisahani, ilipotea mwaka juzi. Hii ina maana kwamba kila tangazo la sabuni linapolia, mtu lazima ainuke. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni binti wa pili. Mshirikishe kabla ya kununua.

Kuhusu mvumo, ule mlio wa chini usiokatika hata wimbo ukiisha: hapa kiboksi cha mwanga kina sifa ya kweli ambayo hakuna anayeitangaza. Waya wa mwanga ni plastiki, haupitishi umeme, kwa hiyo mvumo unaozaliwa pale runinga na sabufa zinapounganishwa kwa waya wa shaba hauna njia ya kupita. Kama mvumo bado upo, chomoa jekundu na jeupe kwenye sabufa. Ukiendelea, ni wa sabufa yenyewe. Mwite fundi aangalie umeme wake wa ndani, na umwombe aangalie pia ethi ya nyumba, ambayo katika nyumba zetu nyingi ni chuma kilichochomekwa ardhini siku ya ukaguzi na kuachwa hapo na upweke wake. Lakini usidanganyike kwamba plastiki itakukinga na radi. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi za kutosha, na runinga na sabufa zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Mawingu yakifunga upande wa ziwa, chomoa kila kitu, antena pia, na uwaache watu wazungumze.

Waya wenyewe usiukunje kona kali, usiupitishe chini ya mguu wa kochi, na usinunue wa mita kumi kwa ajili ya kujinafasi. Nuru hupungua njiani. Panya anautafuna kama anavyotafuna vingine vyote.

Nimefika kwenye maoni ya wamiliki, sehemu ambayo nimeifurahia kwa miaka. Mmiliki wa kiboksi kipya hasemi "kinafanya kazi". Anasema sauti "imefunguka". Besi "imekaa". Waimbaji "wamesogea mbele". Aliyelipa zaidi husema sauti "ina nyama". Nimemsikiliza mmoja akinisifia nyama hiyo huku wimbo ukipigwa kutoka kwenye flashi iliyochomekwa usoni mwa sabufa. Flashi ikiwa kwenye sabufa, anayegeuza namba ni mkalimani aliyemo ndani ya sabufa, yule wa bei ya karanga aliyekuwepo tangu siku ya kwanza. Kiboksi cha laki tatu kilikuwa juu ya kabati kinawaka taa ya buluu, hakuna kilichopita ndani yake. Sikusema neno. Chai ilikuwa nzuri.

Si kwamba watu hawa ni waongo. Sehemu ya wanachosikia ni ya kweli, ila si ile wanayodhani. Kigeuzi cha kawaida hutoa karibu volti 2, na kitundu cha spika za masikioni cha runinga au simu aghalabu hutoa pungufu ya hapo. Ukihama kutoka hiki kwenda kile, sauti inapanda, na sikio la binadamu likipewa sauti iliyopanda kidogo halisemi "imepanda", linasema "imekuwa nzuri". Ukitaka kujua ukweli, mweke mtoto nyuma ya pazia abadilishe waya bila kukuambia, hakikisha ukubwa wa sauti ni sawa, na uandike unachokisikia kwenye karatasi. Simfahamu mtu Bariadi aliyekubali kufanya hivyo baada ya kulipa. Kabla ya kulipa, wote wako tayari.

Halafu kuna nyimbo zenyewe. Hapa mkalimani anapewa kesi ngumu. Wimbo wa Kisukuma umerekodiwa studio, ukawekwa kwenye video, video ikapandishwa mtandaoni, mtu akaipakua akatoa sauti peke yake, akaibana iingie kwenye simu, akamtumia mwenzake, mwenzake akampelekea kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo, naye akaibana tena ili flashi ya GB 4 ibebe nyimbo elfu moja na mteja aridhike. Sauti ya CD ni biti 1,411,200 kwa sekunde. MP3, ufundi uliotoka taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupewa jina hilo la faili mwaka 1995, ikiwa ya kiasi cha 128,000 inaacha sehemu moja kati ya kumi na moja, ikichagua kutupa kile ambacho sikio halitakikumbuka. Ikifanyika mara moja, ni ufundi wa ajabu. Ikifanyika mara tano mfululizo, kila safari ikitupa kilichosalimika safari iliyopita, kayamba zinasikika kama mvua ya mbali na sauti ya mwimbaji inaogelea. Kigeuzi cha DAVE kikipewa faili hiyo kitaitafsiri kwa uaminifu wa hali ya juu. Utasikia uharibifu kwa usafi ambao hujawahi kuusikia.

Kwa pesa ya kiboksi cha shemeji ungeweza kununua bando na kupakua nyimbo zako upya kutoka chanzo chake. Hilo ndilo badiliko ambalo hata binti wa pili atalisikia akiwa jikoni. Na wapenzi wa zilipendwa wasitafute kushoto na kulia: nyingi kati ya nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilitoka kwa mono, bendi nzima katika mkondo mmoja. Mkifanikiwa kumsikia mpiga tarumbeta amekaa kona ya kulia ya sebule, spika ya kushoto imeungua.

Na sabufa ndiyo mwisho wa mnyororo na kwa kawaida ndiyo pingu. Boksi lake linasema wati 10,000 PMPO. Plagi yake ya pini tatu, kama ni ya kweli, ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990, na ukizidi sana hapo fyuzi inaaga. Kumbe na hizo haizili, maana kama ingezila, pasi ya umeme ingeionea huruma. Ukisikia kiboksi kinalaumiwa kwa besi ya sabufa hiyo, eti ni "kibovu", kumbuka koni yake ni ya inchi chache. Mwenye hamu ya besi aende Bujora, nje kidogo ya Mwanza, mwezi Juni wakati wa tamasha la Bulabo, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanaposhindana; asimame hatua chache kutoka kwenye ngoma za bugobogobo na ajisikilizie kifuani. Nilichokuja nacho kutoka huko ni uvumilivu mkubwa kwa spika zote ndogo.

Kama maneno ya msomaji wa habari yanamaliza kabla ya midomo, menyu ileile ya sauti ina mahali pa kurekebisha ucheleweshaji. Vumbi: kile kimlango cha plastiki kipo kwa kazi hiyo, usikivunje, mitaa yetu si yote imepata lami. Mende hupenda kiboksi kwa sababu ya joto lake, kiweke mahali pa wazi.

Dhamana hudumu mpaka mlangoni mwa duka.

Ikifika siku umechoka nacho, labda umenunua sabufa mpya yenye kila tundu, usikitupe. Kifute, kirudishe kwenye boksi lake, vile vifuniko viwili vya plastiki virudishe kwenye ncha za waya kama ulivyovikuta, na usubiri Mei. Mnunuzi atakuja. Atakigeuzageuza mkononi, atasoma 192kHz kwa sauti, atauliza bei, atalia kidogo, kisha atakuuliza kama kinashika Bluetooth. Mwambie hakishiki.